Mwindaji na Uchaguzi wa Kitalu

Mtu atakaye kuwinda nyati, simba au tembo katika Tanzania hana budi kuchagua mambo mawili kabla ya kuifuta bunduki yake: pori atakaloliingia, na kampuni itakayomwongoza ndani yake. Mambo haya kwa desturi huhesabiwa kuwa ya biashara tu. Mteja hutazama bei, huuliza urefu wa pembe zilizopatikana miaka iliyopita, hulinganisha kambi na kambi, kisha hutoa malipo ya kwanza. Dhamiri, ikiwa imealikwa hata kidogo, huambiwa ingoje mpaka siku ya kulenga, ndipo iulizwe kama mnyama aliyesimama mbele ya mtutu afaa kuuawa au hafai. Hoja ya insha hii ni kwamba siku hiyo dhamiri huwa imechelewa.

Liko swali kubwa zaidi, la kama mtu ana haki ya kumwua mnyama kwa furaha ya kumwua. Swali hilo ni kongwe, nalo halitajibiwa hapa. Hata hivyo, yule asemaye kwamba uwindaji wa namna hii ni haramu mtupu atakubali kwamba haramu nazo zina daraja. Na yule asemaye kwamba ni halali atakubali kwamba halali yaweza kutendwa kwa ubaya. Wote wawili wana haja ya kujua ni mahali gani katika safari ya mwindaji ambapo wema na ubaya huachana njia.

Basi na itazamwe sheria. Tangu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ilivyokuwa kwa namna nyingine kabla yake, mtalii hawezi kuingia porini na bunduki yake peke yake. Sharti apitie kampuni yenye kitalu cha uwindaji, afuatane na mwindaji bingwa mwenye leseni, na askari wa wanyamapori awepo. Idadi ya wanyama wa kila aina wanaoruhusiwa kuuawa katika kitalu hupangwa na Serikali, si na mwindaji. Atakaye simba hulazimika kununua safari ya siku 21. Tangu kanuni za mwaka 2010, simba dume hapaswi kuuawa kabla hajatimiza miaka sita. Na tembo asiyekuwa na pembe ya kilo 20 au ya urefu wa sentimita 160 haguswi. Kila hatua imewekewa mpaka, na mipaka hiyo imewekwa na wengine. Mtu aliyekwisha kutia saini mkataba hubaki na uhuru mdogo kama kivuli cha adhuhuri. Tendo lililokuwa lake kweli kweli, lisiloamriwa na Serikali wala na mwongozi, ni lile la kusema: nitakwenda na hawa, katika pori hili. Ikiwa wajibu hufuata uhuru, basi uzito wa wajibu wake uko hapo.

Labda mtu atapinga kwa kusema kwamba kidole ni cha mwindaji, na kidole chaweza kukataa kuvuta. Ni kweli; lakini na ifikiriwe siku ya 19 katika zile siku 21. Chambo kimetundikwa mtini tangu juma la kwanza. Mgeni ametumia fedha nyingi na ametoka mbali. Jioni dume mmoja anatokea. Manyoya ya shingo yake bado ni haba na pua yake bado ina wekundu mwingi wa ujana. Aliye karibu na mgeni katika maficho ni mwindaji bingwa, ambaye ndiye ajuaye kusoma umri ule. Akinong'ona kwamba ni mtoto, mgeni atashusha bunduki. Akinyamaza, mgeni atapiga, na atapiga akiamini kwamba ametenda haki. Ni nani aliyeamua? Aliyeamua ni yule aliyemwajiri mwongozi: kampuni inayomlipa kwa kusema ukweli, au kampuni inayomlipa kwa kuwarudisha wageni makwao wakiwa na nyara. Na tabia ya kampuni hiyo mgeni aliinunua miezi mingi nyuma, akiwa kitini kwake, alipokuwa akilinganisha bei.

Hili si jambo dogo kwa simba wenyewe. Watafiti waliowachunguza simba wa Serengeti kwa miaka mingi, akiwamo Craig Packer, wameeleza kwamba dume mwenye familia akiondolewa, madume wageni huingia na kuwaua watoto wa yule wa kwanza. Risasi moja iliyopigwa mapema huua zaidi ya mmoja. Tena kwa miaka mingi utaratibu wa vitalu uliidai kampuni ilipe angalau asilimia 40 ya thamani ya wanyama waliopangwa kwa kitalu chake, wawe wameuawa au hawakuuawa. Mwenye hesabu za namna hiyo hushawishika kumtafutia kila mnyama mnunuzi. Uchunguzi uliotolewa na Packer na wenzake mwaka 2011 ulisema kwamba uwindaji wa kitalii ulikuwa sababu kubwa ya kupungua kwa simba katika maeneo mengi ya uwindaji ya Tanzania. Uchunguzi mwingine, wa Henry Brink na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 juu ya vitalu vya Selous, uliongeza jambo linalostahili kukaa katika akili ya kila mchaguzi: vitalu vilivyokaa mikononi mwa kampuni moja kwa muda mrefu viliwindwa kwa kiasi, na vile vilivyobadilishwa wenyewe mara kwa mara viliwindwa kupita kiasi. Mpangaji wa msimu hapandi mwembe. Wengine walikuwa wakivipata vitalu na kuvikodisha kwa wengine, na hao wengine walikuwa na mwaka mmoja wa kurudisha fedha zao; la kushangaza ni kwamba simba walibaki hata wale waliobaki.

Kwa hiyo swali la kwanza la mchaguzi mwenye insafu ni fupi: mmekaa katika pori hili miaka mingapi? La pili ni refu zaidi, nalo halijibiwi kwa tarakimu. Nalo ni hili: pori hili lilikuwa la nani, na limekuwa lenu kwa njia gani?

Kwa swali hili la pili bonde la Kilombero lafaa kuwa kioo. Mtu akisimama Sanje, kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa katika barabara iendayo Ifakara, nyuma yake huinuka msitu na maporomoko yanayoshuka kiasi cha mita 170. Mlima ule ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, na ndani yake hapigwi mnyama. Mbele yake ni miwa, mpunga na nyumba za watu. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mashamba, ndiko iliko nchi iliyoitwa Selous, ambayo sehemu yake ya kaskazini ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Akifuata barabara mpaka Ifakara na kuendelea kusini-magharibi, bonde hufunguka: nchi tambarare ya majani na maji, ambayo mto huifunika wakati wa mvua na kuiachia wakati wa kiangazi. Mwaka 2002 eneo la kilomita za mraba karibu 8,000 katika bonde hilo liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu wote. Huko ndiko kwenye vitalu. Wawindaji wa ng'ambo hulijua bonde hilo kwa nyati na viboko wake, na zaidi kwa sheshe, swala wa mabondeni ambaye Kilombero ilikuwa nyumba ya kundi lake mojawapo lililo kubwa kabisa duniani, na ambaye sasa amepungua sana.

Tembo aliyezoea kushuka Udzungwa na kuelekea mashariki alikuwa akivuka barabara na mashamba ya watu hawa. Mapito yake yamesongwa kwa kilimo na makazi, na juhudi za kuyafungua tena ni za miaka ya karibuni. Katika safari moja mnyama huyo huyo huwa tunu ya taifa mlimani, mwizi wa mahindi kijijini, na, akifika kwenye kitalu, bidhaa yenye bei. Mgeni hukutana naye katika hali ya tatu tu. Mkulima wa Sanje humjua katika hali ya pili, usiku, kwa kelele za madebe.

Pori la Kilombero lilitangazwa kuwa Pori Tengefu mwaka 1952, wakati wa utawala wa Waingereza. Kwa miaka mingi tamko hilo lilihusu wanyama, si ardhi. Chini ya sheria ya mwaka 1974 mtu aliweza kukaa katika pori tengefu, kulima na kuchunga. Alichokatazwa ni kuwinda bila kibali. Wandamba walivua samaki humo tangu zamani, wakulima wa mpunga waliongezeka, na katika miaka ya baadaye wakaja wafugaji kutoka kaskazini na magharibi pamoja na makundi yao, maana malisho ya kwao yalikuwa yamekwisha. Sheria ya 2009 iligeuza maana ya maneno yale yale: kilimo na malisho vikakatazwa katika mapori tengefu. Mwaka 2012 ikafanywa operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao bondeni, nayo iliacha manung'uniko ambayo hayajaisha. Mwaka 2023 pori lilipandishwa daraja likawa Pori la Akiba.

Si haki kusema kwamba yote hayo yalifanywa kwa ajili ya mwindaji. Bonde hili hulisha mto Rufiji kwa maji yake mengi, na ng'ombe kupita kiasi katika ardhi oevu ni madhara ya kweli, si hadithi ya kubuniwa na wageni. Serikali yoyote ingalazimika kuamua. Lakini si haki vilevile kwa mwindaji kusema kwamba hayamhusu. Utulivu wa pori analolisifu, ule wa kutoona moshi wala kusikia kengele ya ng'ombe kutwa nzima, ni sehemu ya kile alichokilipia. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Na mgeni, hata akijihesabu katika wasiokuwamo, amekwisha kuingia kwa fedha yake.

Hapa mtetezi wa uwindaji huinuka na hoja yake iliyo nzito kuliko zote, nayo yapaswa kusikilizwa mpaka mwisho. Husema: mwindaji asipokuja, nchi hii haitabaki na sheshe wala haitarudi kwa Wandamba, itakuwa shamba. Ardhi isiyoingiza fedha kwa wanyama itaingiza kwa mpunga. Tazameni Kenya, husema, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Wanyama wakubwa wa nchi za malisho walipungua kwa karibu asilimia 68 kati ya mwaka huo na 2016, kama Joseph Ogutu na wenzake walivyoonyesha. Marufuku haikuwaokoa. Tanzania yenyewe ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978. Nayo ni katika miaka ya 1970 na 1980 ambapo majangili walikuwa wakijizatiti.

Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake haumpi kila mwindaji ruhusa. Humpa yule tu ambaye kuwapo kwake kunayafanya yale inayoyasema. Selous ilikuwa nchi ya vitalu kwa miaka mingi. Hesabu ya mwaka 1976 ilikuta tembo wapatao 109,000 katika Selous na maeneo yanayoizunguka. Ile ya mwaka 2013 ilikuta wapatao 13,000. Vitalu vilikuwapo, kampuni zilikuwapo, ada zililipwa, na pembe ziliondoka usiku. Kuna kampuni zilizokesha na askari, zikatengeneza njia na kununua mafuta ya gari za doria. Kuna nyingine zilizofika Julai na kuondoka Desemba kama watu waliopanga chumba. Zote mbili zilimwambia mteja maneno yale yale juu ya uhifadhi. Kwa hiyo anayejitetea kwa hoja ya uhifadhi amejiwekea deni: hana budi kujua kampuni yake ni ya namna gani, la sivyo amejipamba kwa sifa ya watu wengine.

Na jirani je? Mgeni njoo, mwenyeji apone, Waswahili husema. Nyati dume huwa na uzito wa zaidi ya kilo 600. Pembe zake na kichwa chake huvuka bahari, nyama haivuki. Yaweza kuliwa kambini, yaweza kupelekwa kijijini, yaweza kuachiwa fisi. Hakuna mteja ambaye angepungukiwa na kitu kwa kuuliza, kabla ya kulipa, ni kijiji gani kilipata nyama mwaka jana na kwa utaratibu gani. Ni swali dogo, lakini jibu lake hufunua mengi kuliko kitabu cha picha, kwa kuwa kampuni isiyolijua jina la jirani yake haiwezi kulibuni upesi.

Liko tena jambo la wafuata nyayo. Matangazo ya kampuni hutaja jina la mwindaji bingwa, miaka yake na sifa zake. Mara chache humtaja mtu anayetangulia mbele akiutazama umande uliovunjika juu ya majani. Kisa cha Sanje ni ushahidi mzuri hapa. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walitambua kwamba katika misitu ya Udzungwa yumo nyani mwembamba wa aina isiyojulikana kwa sayansi, ambaye leo hujulikana kwa jina la kijiji hicho na haonekani popote pengine duniani. Hakujulikana kwa sayansi. Kwa watu wa Sanje alikuwa jirani mwenye jina, na mtoto wake mmoja alikuwa akifugwa pale kijijini. Elimu ya pori hukaa kwanza kwa watu wa pori. Kampuni inayomlipa mtu huyo ujira wa kibarua na kuuza macho yake kwa bei ya dhahabu haijafanya kosa la sheria. Imefanya kosa la insafu, na mteja ni mshiriki.

Katika bonde lilo hilo uchaguzi wa mwongozi uliwahi kuwa na uzito mwingine kabisa. A. G. O. Hodgson alichapisha mwaka 1926 maelezo juu ya desturi za uwindaji za Wandamba, watu waliosifika kwa kuwawinda tembo. Uwindaji ule ulikuwa na mafundi wake, dawa zake na miiko yake. Mtu hakuingia porini kwa kuwa ana nguvu au ana mali, bali kwa kuwa amekubaliwa. Si lazima mtu aiamini dawa ili aone maana ya jambo hilo: mwongozi ndiye aliyemchagua mwindaji, naye alikuwa na uwezo wa kumkataa. Biashara imeligeuza hilo, mwenye fedha akawa mchaguzi na fundi akawa mchaguliwa. Walakini kampuni iliyo bora ni ile iliyobakiza kitu cha ufundi ule wa kale, yaani uwezo wa kumwambia mgeni aliyekwisha kulipa kwamba mwaka huu simba wake hayupo, na kumrudisha nyumbani mikono mitupu bila ya kumwomba radhi. Atakaye kuipima kampuni na aulize ni wageni wangapi walirudi hivyo. Jibu likiwa ni hakuna hata mmoja, na aogope.

Mpaka hapa maswali mawili, la miaka na la ardhi, yamekwenda kana kwamba yanaelekea upande mmoja. Sivyo. Yaweza kutokea kwamba kampuni iliyokaa muda mrefu, yenye kuwinda kwa kiasi na yenye mwongozi mkweli, imekaa juu ya ardhi ambayo watu waliondolewa bila kuridhika. Na kampuni nyingine, changa, isiyo na historia ya kujivunia, imefanya mkataba na vijiji vilivyotenga ardhi yao wenyewe kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ambako sehemu ya mapato hurudi kijijini na wanakijiji wana sauti. Wanyama ni wengi kwa wa kwanza, ni wachache kwa wa pili. Uhifadhi unasema nenda kule. Haki inasema njoo huku. Tangu vitalu vianze kugawiwa kwa mnada wa kielektroniki mwaka 2019, ugumu huu umezidi, kwa kuwa mwenye kitalu leo aweza kuwa ni yule aliyetaja bei kubwa, na bei kubwa haina umri wala ujirani.

Wako watakaosema kwamba wanyama hawana msemaji, kwa hiyo upande wao upewe nguvu. Neno hilo ni jema, lakini linasahau kwamba nchi iliyohifadhiwa dhidi ya jirani zake huhitaji bunduki kila mwaka zaidi, na siku bunduki zikipungua, kama zilivyopungua Selous, jirani hana sababu ya kupiga kelele mwizi akipita. Ridhaa ya kijiji ni ulinzi dhaifu kwa mwaka mmoja na ulinzi wenye nguvu kwa miaka 30. Kwa sababu hiyo mwindaji afadhali aende kwa wale wachache wa ardhi ya ridhaa. Lakini kampuni changa ndiyo yenye haraka, na mnyama wa ardhi ya kijiji ndiye asiyekuwa na wa kumrithi. Basi anayechagua huku sharti achague pia kuomba kidogo: nyati mmoja mzee aliyeachwa na kundi, na simba asiwemo katika orodha yake hata kama sheria inamruhusu na bei anaiweza. Hilo lapaswa kuandikwa katika mkataba kabla ya safari, kwa kuwa siku ya 19 hakutakuwa na wa kumkumbusha.

Aonaye kwamba kwa sharti hizo safari haina ladha tena, bado anayo nafasi ya kutokwenda. Malipo ya kwanza hajayatoa.